Meza ya Kadi: Mwanafunzi Ndani ya Ofisi ya Mashindano ya Gofu, Jinja na Mbale

Kati ya kanuni zote zilizowahi kuandikwa kwenye viwanja vya gofu vya Afrika Mashariki, iliyosafiri mbali zaidi ni ile ya Jinja: mpira ukitua ndani ya unyayo wa kiboko, mchezaji anaruhusiwa kuuokota na kuuangusha kando bila kuongezewa mkwaju. Kisumu nako, upande wa pili wa Ziwa Victoria, Nyanza Club iliandika kwamba mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba kiasi cha kuhatarisha maisha, mchezaji aangushe mwingine mahali salama, mradi asisogelee shimo. Wageni huzisoma kanuni hizo kama kichekesho. Mimi, baada ya kufanya kazi katika ofisi ya mashindano, nazisoma kwa heshima. Kuna mtu aliketi akafikiri: viboko hutoka mtoni usiku kula majani, udongo wa ukingo wa Nile hulainika baada ya mvua, unyayo mmoja unatosha kuumeza mpira, na aliyeangukia humo hakucheza vibaya kuliko mwenzake ambaye mpira wake ulipita hatua mbili pembeni. Akaandika sentensi moja, na tangu hapo watu wote wakawa sawa mbele ya unyayo.

Kazi yote ya kuendesha mashindano ya gofu imo ndani ya sentensi ile. Kandanda ina refa na filimbi yake, ndondi ina majaji watatu kando ya ulingo. Mchezaji wa gofu yuko na wenzake watatu, makedi wanaowabebea mifuko na miti. Anapopotelea vichakani akapiga mkwaju ambao hakuna aliyeuona, anayeujua ukweli ni yeye na kedi wake. Kinachouzuia mchezo usianguke ni uaminifu wa watu pamoja na karatasi za ofisini: orodha ya majina, ratiba ya makundi, kanuni za uwanja, kadi. Na karatasi hizo, mara nyingi kuliko wachezaji wanavyodhani, zimo mikononi mwa kijana wa chuo ambaye hajawahi kumiliki fimbo hata moja.

Nilikuwa kijana wa aina hiyo. Vyuo vikuu vyetu vya Uganda huwapeleka wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo kabla ya kuhitimu, na wenzangu wengi walikimbilia benki, halmashauri na mashirika. Mimi nilisoma uongozi wa michezo, nikatarajia klabu ya kandanda. Nikapata gofu, mchezo niliokuwa nimeuona kutoka upande wa pili wa ua tu, nikipita kwa boda. Kazi ikanipeleka Jinja kwanza, kisha Mbale, kisha ikawa ni kwenda na kurudi.

Viwanja vyote viwili ni vya mashimo 9. Cha Jinja kiko kando ya Nile, pale mto unapoliacha ziwa, jirani na mahali John Hanning Speke alipoyaona mwaka 1862 maporomoko aliyoyaita Ripon. Maporomoko hayo yalizama baada ya bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, kuzinduliwa mwaka 1954. Cha Mbale kiko chini ya Wanale, ule ukuta wa mawe ambao ni bega la Mlima Elgon. Katikati ni barabara ya Iganga, Tirinyi na Kamonkoli, mashamba ya mpunga na madaraja juu ya vinamasi vya Mpologoma. Miji hii ilipandishwa hadhi kuwa majiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020, lakini mtu wa gofu haihitaji tarehe hiyo kuwaunganisha watu wa pande hizi. Wachezaji wa Jinja, Mbale na Tororo hutembeleana miaka nenda miaka rudi, na siku ya shindano utawasikia wakitaniana kwa Lusoga, Lumasaba, Kiganda na Kiswahili katika shimo moja.

Watu hudhani shindano huanza mtu wa kwanza anapopiga mpira Ijumaa au Jumamosi asubuhi. Ofisini lilikuwa likianza Jumatatu, kwa majina. Majina yalikuja kwa ujumbe wa simu, kwa karatasi iliyokunjwa iliyoachwa kwa mhudumu wa baa, kwa mzee mmoja aliyewasajili marafiki zake wanne bila hata kuwauliza. Kila jina lazima liwe na klabu, ada iliyolipwa, na handikapu iliyothibitishwa. Hilo la tatu ndilo lililonipa kazi na ndilo lililonifundisha.

Handikapu ndiyo inayomwezesha meneja wa kiwanda cha sukari anayecheza mara mbili kwa mwezi kushindana na kijana anayefanya mazoezi kila jioni. Tangu mwaka 2020 dunia imekuwa ikitumia mfumo mmoja, unaosimamiwa na R&A ya Uskoti na USGA ya Marekani, na hapa kwetu mwenye dhamana ni chama cha taifa, Uganda Golf Union. Kila mchezaji ana namba yake, na kila uwanja una yake ya ugumu, kati ya 55 na 155, ambapo 113 ni uwanja wa ugumu wa kawaida. Tuseme mtu ana namba 18.4, anakuja kwenye uwanja wenye ugumu 120, ambao mchezaji hodari hutarajiwa kuumaliza kwa mikwaju 70.5 huku pa yake, yaani mikwaju iliyowekwa kuwa kipimo cha uwanja, ikiwa 72. Unazidisha 18.4 kwa 120, unagawanya kwa 113, unapata karibu 19.5, unaondoa tofauti ya 1.5, zinabaki 18. Kwa shindano la mikwaju la mtu mmoja mmoja unachukua asilimia 95 ya hiyo. Jumamosi atapewa mikwaju 17.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Uzito wake uko kwingine. Kanuni za gofu zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2023, mchezaji aliondolewa jukumu la kuonyesha handikapu yake kwenye kadi. Kuanzia hapo kuhesabu mikwaju anayostahili ni kazi ya kamati ya mashindano. Ofisi ikikosea namba moja, mtu amepewa au amenyimwa mkwaju, na huenda mkwaju huo ndio ulioamua kikombe. Halafu kuna wale wanaofika wakiamini bado wana handikapu ya mwaka juzi. Mzee mwenye heshima zake, mwenye wajukuu, akielezwa na kijana wa chuo kwamba namba yake imeshuka kwa sababu amecheza vizuri mwezi uliopita, huona kama anaadhibiwa kwa bidii yake. Nilijifunza kuanza na salamu kamili, kuulizia nyumbani, kuulizia shamba, na namba ikaja baadaye, nikiwa nimesimama. Wengi walikubali. Baadhi walikwenda kumlalamikia nahodha wa klabu, naye akawarudisha kwangu, jambo lililonipa nguvu kuliko cheti chochote.

Kisha ratiba. Hapa uwanja wa mashimo 9 una hesabu zake ambazo anayezoea viwanja vya mashimo 18, kama kile cha Kitante mjini Kampala, hawezi kuziwaza. Mashimo 18 hupatikana kwa kuzunguka mara mbili, mara nyingi kutoka sehemu tofauti za kuanzia ili mzunguko wa pili usiwe nakala ya wa kwanza. Kundi la watu wanne huchukua saa mbili na dakika kumi hivi kumaliza mzunguko. Ukiachia kundi kila dakika kumi kuanzia saa 1:00 asubuhi, kundi la kumi na tatu linaondoka saa 3:00, na saa 3:10 kundi la kwanza linarudi kuomba njia. Huwezi kuingiza kundi la kumi na nne. Mlango umefungwa hadi wote kumi na watatu wapite tena, yaani hadi saa 5:10. Saa 5:20 unafungua awamu ya pili, nayo inarudi saa 7:30, na kundi lake la mwisho linaanza mzunguko wa mwisho saa 9:30, likimaliza saa 11:40 jioni. Jua letu la ikweta huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00. Makundi 26, wachezaji 104, na akiba ya saa moja tu kwa siku nzima.

Saa hiyo moja ndiyo utajiri wote wa mwandaaji. Dakika tatu za kutafuta mpira uliopotea, ambazo zamani zilikuwa tano hadi kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019, zinaikata. Mgeni wa heshima anayetaka kupigwa picha akipiga mpira wa ufunguzi anaikata. Mvua inaimeza yote. Ndiyo maana nilikuja kuwapenda waanzishaji, wale watu wa kwenye shimo la kwanza wenye saa na karatasi, wanaomwita kila mmoja kwa jina na klabu yake. Kanuni iko wazi: ukichelewa ndani ya dakika tano unaongezewa mikwaju miwili, zikipita dakika tano umeondolewa. Mtu ametoka Kampala alfajiri, amekwama Mabira nyuma ya malori ya Mombasa, anapaki gari mbio, viatu mkononi, na aliyeshika saa ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Ukimsamehe yeye kwa kuwa unamwonea huruma, umemwibia aliyelala Jinja usiku ule kwa gharama yake ili asichelewe. Sijui sheria nyingine ya michezo inayomfundisha kijana kwa haraka hivyo kwamba huruma kwa mmoja inaweza kuwa dhuluma kwa mwingine.

Kabla ya hapo, alfajiri, tulikuwa tukizunguka uwanja na watunzaji wa nyasi. Kigingi cheupe ni mpaka wa uwanja; ukivuka umetoka. Chekundu na cha njano huonyesha maji na vichaka vya adhabu. Rangi nyeupe ardhini huzungushiwa mahali pasipo haki kucheza: mtaro uliofukuliwa, udongo uliochimbuliwa, nyasi zilizopandwa jana. Ndipo nilipomwelewa yule mwandishi wa kanuni ya kiboko, kwa sababu kila kopo la rangi ni hukumu ndogo. Leo kanuni ya 16 ya gofu inamlinda mchezaji dhidi ya mashimo ya wanyama na pia dhidi ya wanyama wa hatari, nyuki na nyoka wenye sumu wakiwemo, popote duniani. Jinja na Kisumu walifika huko mapema kwa sababu mto na ziwa viliwalazimisha.

Anayejua rangi ipakwe wapi ni kedi. Hili nataka kulisema bila kulipunguza. Tulikuwa na vitabu, programu ya kompyuta na ramani, lakini mtu aliyejua kwamba maji ya mvua ya Alhamisi yatakuwa bado yamesimama kulia mwa shimo fulani Jumamosi, au kwamba shimo likichimbwa upande ule wa grini, zile nyasi fupi za kuzunguka shimo, hakuna mpira utakaotulia karibu nalo, alikuwa mtu aliyebeba mifuko ya wengine tangu utotoni. Wacheza gofu wengi wa kulipwa wa Uganda walianzia hapo hapo, begani na mfuko wa mtu mwingine. Nikawa nawauliza kabla ya kumuuliza mtu yeyote, na kila nilipowauliza uwanja ulikuwa wa haki zaidi.

Sasa nifike kwenye meza yenyewe. Kamati huainisha eneo la kurudishia kadi, chumba au sehemu iliyozungushiwa kamba, na mchezaji akishatoka hapo kadi yake imerudishwa, haiguswi tena. Katika gofu hujiandikii. Kadi yako anaiandika mwenzako, nawe unaiandika ya mwingine. Mwishoni wote wawili mnaweka saini. Kujumlisha ni kazi yetu, na tukijumlisha vibaya tunasahihisha. Lakini namba ya kila shimo ni dhamana ya mchezaji. Akisaini kadi yenye mikwaju pungufu kwenye shimo lolote, anaondolewa. Akisaini kadi yenye mikwaju mingi kuliko aliyopiga, mingi hiyo ndiyo yake.

Ukali wa kanuni hii uliwahi kuonekana mbele ya dunia nzima. Mwezi Aprili 1968, huko Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alicheza raundi ya mwisho ya Masters siku aliyotimiza miaka 45. Shimo la 17 alilimaliza kwa mikwaju 3. Aliyekuwa akimwandikia, Tommy Aaron, akaandika 4. De Vicenzo akasaini bila kuona. Raundi ya 65 ikawa 66, na Bob Goalby akatwaa ubingwa kwa tofauti ya mkwaju mmoja, pasipo mchuano wa marudio. Maelfu walikuwa wameiona 3 kwa macho yao, kamera ziliiona, na haikusaidia.

Kisa hicho nilisimuliwa mapema, na kilinifanya nijiwekee utaratibu ambao baadaye niliukuta pia kwa waandaaji wenye uzoefu. Nilimkaribisha mchezaji akae. Nikampa maji. Kisha nikamsomea kadi yake kwa sauti, shimo baada ya shimo, yeye akisikiliza na mwandishi wake akiwa bado karibu, kabla ya saini yoyote kukauka. Utashangaa idadi ya watu wanaoshtuka. Mtu amechoka, ametembea mashimo 18 juani, kichwa kiko kwenye mpira aliouzamisha shimo la saba. Hakumbuki kwamba la kumi na tatu alipiga sita. Mwenzake anamkumbusha. Wanabishana kidogo, wanarudi nyuma mkwaju kwa mkwaju, kedi anaitwa, wanakubaliana. Kisha wanasaini. Kwa muda ule wa dakika mbili niliona uaminifu ukifanyika mbele yangu kama kazi ya mikono, na watu wanaohusika wakiwa wafanyabiashara, walimu, maofisa wa jeshi na madereva.

Si kila mara ilikuwa hivyo. Mahali nisipopataja, ofisi niliyokuwamo iliombwa kumwingiza kwenye matokeo mgeni wa mdhamini ambaye kadi yake haikuwa na saini ya mwandishi. Ombi lilikuja kwa upole, pamoja na soda. Lilikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote mezani. Nililipeleka kwa kamati kama kanuni inavyotaka, kamati ikakataa, na mgeni mwenyewe, alipoelezwa, hakuona taabu yoyote. Taabu ilikuwa ya waliotaka kumfurahisha. Nalitaja kwa ajili ya vijana watakaokalia viti hivi baada yetu: hamna mamlaka ya kutoa, na huo ndio ulinzi wenu. Kila jambo zito ni la kamati.

Sare ndizo huleta kelele nyingi, hasa kwenye mtindo wa pointi uliobuniwa na daktari Mwingereza, Frank Stableford, na kuchezwa kwa mara ya kwanza rasmi Wallasey mwaka 1932. Pointi mbili ukipata pa yako baada ya handikapu, tatu ukitumia mkwaju mmoja pungufu, moja ukizidisha mkwaju mmoja, na shimo likiharibika kabisa unaokota mpira na kuendelea na maisha. Watu wawili wakilingana, huangaliwa mashimo tisa ya mwisho, kisha sita, kisha matatu, kisha la mwisho. Kwenye uwanja wa mashimo 9 unapaswa kutangaza mapema mzunguko upi unahesabiwa kuwa wa pili, hususan pale makundi yote yanapoanza kwa wakati mmoja kutoka mashimo tofauti. Tangazo lisipobandikwa asubuhi, jioni kila mmoja ana mashimo yake tisa ya mwisho.

Mbale ilinifundisha kitu ambacho Jinja ilinigusia tu: anga. Eneo lote la kuzunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, lakini Jinja unaona wingu likija kutoka ziwani na una muda wa kujiandaa. Mbale wingu hujificha nyuma ya Wanale. Jua linawaka uwanjani, watu wamevua makoti, na juu ya ukuta wa mawe unaona maporomoko membamba yameanza kung'aa pale ambapo asubuhi palikuwa pakavu. Makedi waliyaona kabla yangu. Maana yake huko juu tayari kumenyesha, na mji huu unajua maji ya mlimani yanaweza kufanya nini: usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, na zaidi ya watu ishirini wakapoteza maisha.

Kanuni za gofu zina lugha ya ving'ora kwa ajili ya hatari. Mlio mmoja mrefu ni kusimama papo hapo. Hata kama mpira uko hatua moja kutoka shimoni, usiupige. Milio mitatu mfululizo ni kusimama kwa kawaida, kundi linaweza kumaliza shimo lake. Milio miwili mifupi ni kurejea. Na mchezaji anayeamini kwa haki kwamba radi inamhatarisha ana ruhusa ya kusimama mwenyewe bila kungoja mtu. Pasipo king'ora tulitumia honi ya gari, na siku moja kabla ya mashindano nilipita kwa makedi wote kuwaeleza milio hiyo, kwa sababu wao ndio wanaobeba vyuma mgongoni. Ofisini nilikaa na simu mbili, ratiba na penseli, nikiandika kila kundi lilisimama wapi na mpira wa nani uliwekewa alama. Kuwaondoa watu 80 uwanjani kabla ya radi, kisha kuwarudisha kila mmoja pale pale alipokuwa, ni kazi ambayo sikuwahi kufundishwa darasani, na hakuna niliyoifanya kwa moyo zaidi ya hiyo.

Mbale pia ina kalenda yake. Miaka inayogawanyika kwa mbili ni miaka ya imbalu, tohara ya vijana wa Bamasaba, inayozinduliwa Mutoto mwezi Agosti. Ngoma za kadodi zikianza kulia, barabara zinajaa wachezaji wa ngoma, na nusu ya makedi wako kwao na ndugu zao. Mwandaaji anayepanga shindano la mkoa Jumamosi ya katikati ya Agosti mwaka kama huo, akiwa Kampala na kalenda ya ukutani tu, atakuwa na wachezaji na hatakuwa na watu wa kuwabebea mifuko.

Kuhusu zawadi na wadhamini sina mengi. Vikombe husuguliwa, meza hufunikwa vitambaa, hotuba hurefuka, nyama hukaangwa. Linalonikera ni jingine. Katika hotuba zile wote hushukuriwa, mdhamini, nahodha, mpishi, hata mvua, na mwanafunzi aliyelala saa nane usiku akichapa kadi hujilipia nauli mwenyewe kurudi nyumbani. Mafunzo kwa vitendo kwetu mara nyingi hayana posho. Boda ya asubuhi kabla ya saa kumi na mbili, bando la intaneti, chakula cha mchana: vyote vinatoka mfukoni mwa mzazi ambaye huenda anauza nyanya soko la Amber Court au anavuna kahawa Bududa. Maana yake anayeweza kuifanya kazi hii ni mtoto wa aliyenacho, na mwingine anaacha katikati. Klabu inayoweza kununua taji la fedha inaweza kulipa nauli ya kijana anayelinda uhalali wa taji hilo. Nasema hivyo kwa mapenzi na vilabu hivi, vilivyonipokea nisiyejua jina la fimbo hata moja.

Na kwa kijana mwenyewe, milango ipo. R&A wana mafunzo ya kanuni mtandaoni, ngazi ya kwanza ni bure, na unaweza kuyasoma kwa simu ukisubiri kundi la mwisho. Nchi inayoandaa mashindano ya wazi kila mwaka inahitaji waamuzi, waandishi wa matokeo na wapimaji wa viwanja, na hakuna sababu wote watoke Kampala.

Jumatatu ndiyo siku niliyoipenda. Katika vilabu vingi vya Afrika Mashariki siku hiyo wanachama hupumzika na makedi hucheza. Walikuwa wakicheza kwa makubaliano ya mdomo, fimbo za kuazima, seti moja kwa watu watatu. Niliomba niwaandalie kama Jumamosi: ratiba, kadi zilizochapwa, mwanzishaji, meza, kamba. Walikaa kwenye kiti kile kile, wakasomewa shimo baada ya shimo, wakasaini. Baadhi ya kadi zao zilikuwa nzuri kuliko zote nilizopokea juzi yake. Nilipotaka kuziingiza kwenye mfumo, mfumo ukakataa. Handikapu hupewa mwanachama wa klabu iliyosajiliwa, na kedi si mwanachama. Bila namba hawezi kujiandikisha kwenye shindano la ridhaa, hata likichezwa kwenye uwanja anaoujua kuliko mtu yeyote.

Ili mtu apate handikapu ya kwanza, kanuni inadai kadi za mashimo 54 tu. Jinja na Mbale hiyo ni mizunguko sita, Jumatatu tatu. Uanachama wa kucheza kwa makedi na vijana wa mtaani, wenye ada ndogo na masharti ya siku, unaweza kuamuliwa na kikao kimoja cha kamati, na mwanafunzi yeyote wa mafunzo kwa vitendo anaweza kumaliza uandikishaji wake kabla ripoti yake ya chuo haijafungwa. Mimi niliandika orodha ya majina ya waliorudisha kadi Jumatatu zile, pamoja na matokeo yao yote, nikaiacha ofisini kwa mkono, na mkutano wa wanachama unapokaribia nitakwenda kuiulizia.